Naomba ushauri: injini ya Doom ya 1993 inagoma kwenye laptopu ya biti 64

Wakuu, heshima kwenu. Najifunza lugha ya C, nikaona nisome injini ya gemu ya kizamani badala ya hizi za sasa zinazokufanyia kila kitu. Nimechukua msimbo wa Doom ambao id Software waliuachia Desemba 1997, toleo la Linux.

Kukompaili hakukunisumbua sana: faili moja lilikuwa linaita errnos.h, nikafuta ile s, ikapita. Kasheshe ni kuiwasha. Inafungua faili la WAD (lenye ramani na picha za gemu) vizuri, ikifika R_Init (hatua ya kuandaa uchoraji) inakufa. Nimefuatilia kwa gdb (kifaa cha kusaka makosa) hadi faili la r_data.c, nikakuta nafasi ya kila pointa (anwani ya kumbukumbu) imehesabiwa baiti 4, wakati kwangu ni 8. Nimeweka sizeof (inayotoa ukubwa halisi) kila nilipoona ile 4, bado inakufa. Ninayemshuku sasa ni maptexture_t, struct ya picha za kuta: ina pointa katikati, na inasomwa moja kwa moja kutoka kwenye WAD.

Nikikompaili kwa -m32 (kama programu ya biti 32) inavuka hapo, ila inaikataa skrini yangu, inataka ya rangi 256 tu.

Maswali yangu:
1. Ile pointa ya maptexture_t niigeuze int ya baiti 4, au nitaharibu kwingine?
2. Kuna namna ya kuipa skrini ya rangi 256 bila kuandika upya i_video.c (faili linaloshughulikia skrini)?

Tafadhali msinielekeze Chocolate Doom (toleo la Doom la kompyuta za sasa). Ninayo, inafanya kazi, na usiku nacheza. Ninachotaka ni kuielewa hii ya mwanzo.