Mara Jade wa kitabu hiki si yule wa kile: niendelee au niruke?

MsomajiWaUsiku: Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri kwa mliosoma riwaya za Star Wars. Nilianza na zile tatu za Timothy Zahn, za 1991 hadi 1993, nikampenda Mara Jade kuliko hata hao wa kwenye filamu. Alikuwa jasusi na muuaji wa siri wa Palpatine, yule mfalme mwovu, bosi wake huyo kafa, sasa yuko na wafanya magendo, na kichwani amebakiwa na amri moja: muue Luke Skywalker, shujaa wa filamu zile. Akaitimiza kwa kumuua yule Luke bandia, aliyezalishwa kutoka kwenye mkono wa Luke uliokatwa! Nilifunga kitabu nikazunguka chumba kizima.

Kisha nikashika zile tatu za Kevin J. Anderson za 1994. Mara yumo kwa kupita tu. Anafika chuo cha Luke cha kufundisha Jedi, anaondoka, Lando, rafiki wa Luke, anamfukuzia. Huyu ni nani jamani? Nanunua kimoja kimoja, nasoma kwenye simu, sina hela ya kuchezea.

Mama Watatu: Pole mwanangu. Ruka, nenda moja kwa moja kwa Zahn mwenyewe, vile viwili vya 1997 na 1998. Humo Mara anamweleza Luke kwamba ya Lando yalikuwa geresha, walikuwa kwenye kazi ya Karrde, bosi wa wale wafanya magendo, ya kumtafuta mtu. Mimi nilicheka. Ni kama mwenye nyumba karudi safari, kakuta wapangaji wamehamisha viti, anavirudisha kimoja kimoja bila kugomba. Na kwenye cha pili Luke anamposa.

Kijiti: Tusiwaonee wengine. Mara si mali ya Zahn, ni wa Lucasfilm, kampuni ya Star Wars, na kila anayeajiriwa anamkuta njiani. Ule mfululizo mrefu wa 1999 hadi 2003 una waandishi wengi, lakini Mara anayepigana na ugonjwa huku ana mimba ya Ben, mtoto wake na Luke, mimi nilimwamini kabisa. Shida ni ule wa vitabu 9, 2006 hadi 2008, waandishi watatu wanapokezana. Hapo Mara peke yake anamfuata mpwa wa Luke aliyegeukia uovu, hamwambii mumewe, anauawa.

Mama Watatu: Kijiti! Umemwaga mtama, kuku wote wamejaa uwanjani.

Kijiti: Kitabu cha 2007 hicho mama, kuku wenyewe wazee.

Tumbatu_: Mimi hapo natofautiana na wanaolalamika. Mara kulelewa kwake ni kwenda peke yake, na mtoto wake ndiye alikuwa hatarini. Kinachoniuma ni kwamba kile cha 1998 chote kinahusu yeye kujifunza kumtegemea Luke, halafu miaka 9 baadaye somo limefutika. Mkuu, tangu 2014 Lucasfilm wameziweka riwaya hizo zote kando ya hadithi rasmi, kwa hiyo hulazimiki kufuata mstari wa mtu. Ukimkosa Mara wa mwanzo, Zahn alirudi tena 2007 na 2011 akamwandika akiwa bado msichana kazini kwa Palpatine.

MsomajiWaUsiku: Ahsanteni sana. Nimeshanunua cha 1997, niko ukurasa wa 40. Kijiti, wewe nakudai bei ya vitabu 9.