Mjadala: Je, watumishi wazuiwe kuendesha programu kwa akaunti ya mwenzao?

Ndugu zangu, bodi ya chama chetu cha akiba na mikopo hapa Moshi inapendekeza kwamba katika kompyuta zote za ofisi izimwe ile huduma ya Windows inayomruhusu mtu aliyeingia kwa akaunti yake kufungua programu kwa jina na nenosiri la mtu mwingine. Chanzo chake ni mkopo mmoja ulioidhinishwa saa saba mchana kwa akaunti ya meneja, ilhali meneja mwenyewe alikuwa mazishini Marangu. Keshia alishikilia Shift, akabofya alama ya programu ya mikopo kwa kitufe cha kulia cha kipanya, akachagua kuiendesha kama mtumiaji mwingine, kisha akaandika nenosiri aliloachiwa kwenye kikaratasi ili wanachama wasikwame dirishani. Mkopaji alistahili na hakuna shilingi iliyopotea. Hata hivyo, kumbukumbu za mfumo zinamtaja meneja, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, inayokataza kuingia kwenye mfumo bila idhini, haitusaidii sana, kwa kuwa keshia atajibu kwamba idhini alipewa, tena kwa maandishi!

Mimi naunga mkono kuizima huduma hiyo kwenye kompyuta za makeshia. Kuizima kwenye mashine ya fundi wetu wa kompyuta ni jambo jingine. Huduma hiyo ilikuja na Windows 2000 ili msimamizi wa mfumo afanye kazi zake za kila siku kwa akaunti ya kawaida, na atumie akaunti yenye mamlaka pale tu anapoihitaji. Tukimfungia njia hiyo, nahofia ataingia kwa akaunti kubwa tangu asubuhi, asome barua pepe humo humo, na kirusi atakachokifungua kwa bahati mbaya kitarithi mamlaka yake yote.

Mchangiaji wa pili, mhasibu, Arusha:
Kwa heshima zote, ndugu yangu, sikubaliani nawe. Ofisini kwetu tulimwachia fundi mlango huo huo, naye, kwa kuchoka kuitwa kila programu ya zamani ya risiti ilipodai mamlaka ya msimamizi, akatengeneza njia ya mkato kwa amri ya runas, ile ya kufungua programu kwa akaunti nyingine, na kuiamuru ihifadhi nenosiri. Tangu siku hiyo yeyote aliyeketi kwenye kompyuta ile aliweza kubadilisha jina la programu katika amri hiyo na kufungua chochote alichotaka kwa mamlaka kamili, bila kuulizwa nenosiri. Tuligundua baada ya miezi minane. Zimeni kote, na fundi apewe kompyuta yake ya usimamizi.

Mwanzisha mjadala:
Hoja ya nenosiri lililohifadhiwa naipokea bila kinyongo, na nitaomba ipigwe marufuku hata kwa fundi. Kompyuta ya pili, kwa chama chenye kompyuta sita, sioni itatoka kwenye fungu gani. Naomba pia tusidanganyane: huduma ikizimwa, keshia mwenye kikaratasi bado anaweza kutoka kwenye akaunti yake na kuingia kwa ile ya meneja, na ndiyo maana mfano wa Unix, mifumo ya kompyuta tofauti na Windows, unanivutia, ambako tangu takriban mwaka 1980 kuna amri ya sudo: kwa kawaida mtu huandika nenosiri lake mwenyewe, hupewa kazi zilizoorodheshwa tu, na jina lake ndilo linaloandikwa kwenye kumbukumbu. Kwetu maana yake ni kwamba meneja akisafiri, naibu wake aidhinishe mikopo kwa akaunti yake mwenyewe, hadi kiwango kitakachowekwa na bodi. Marekebisho hayo nitayawasilisha pamoja na pendekezo, na ningependa kusikia kutoka kwa mliokwisha kuwapa manaibu mamlaka hayo: kiwango mlikiweka wapi?