Kanusa kwapa la gauni langu la harusi, mbele yangu, tena mara MBILI

Wadau, naandika hapa mikono inatetemeka. Kuna mtu katoka kwangu sasa hivi, hata kiti alichokalia hakijapoa. Mnamjua. Yule yule wa "mwisho ngapi?" saa nane usiku. Kila aliyewahi kuuza kitu keshakutana naye, kwa hiyo simtaji.

Nauza gauni langu la harusi. Nimelivaa siku moja. MOJA. Satini, mikono ya lesi, mkia mrefu mpaka mimi nikishafika mbele wenyewe bado uko mlangoni. Nimelitunza kuliko nilivyomtunza aliyenioa. Lilikwenda kwa dobi wiki ileile, likafungwa kwa karatasi zisizo na asidi, likalazwa ndani ya boksi, si mfuko wa nailoni, maana nailoni hufungia unyevu na nguo ikageuka manjano. Wanangu wenyewe hawajawahi kulala hivyo.

Basi kafika. Picha keshatumiwa mpaka simu ikajaa. Vipimo vya kifua, kiuno, nyonga, vyote anavyo, na bado anauliza "ndilo lenyewe hili?" Nikalitandaza kitandani. Lesi hakuitazama. Shanga hakuuliza kama zimeshonwa au zimegundishwa. Akanyanyua mkono wa gauni, akainamisha kichwa, akanusa kwapa.

Kanusa KWAPA.

Pumzi ndefu, macho kafumba, utadhani daktari anasikiliza kifua cha mgonjwa. Kisha akahamia kwapa la pili, asije akaonea. Wifi yangu alikuwa anaingia na sinia la maji, akarudi jikoni kinyumenyume.

Akalalamika kiuno kitambana. Nikamweleza kwa upole kwamba fundi anaweza kutoa zipu, akaweka vitanzi na kamba mgongoni, nafasi ikapatikana. Hakunisikia, akili bado iko kwapani. Mwisho akataja nusu ya nusu ya bei, na shela niongezee bure, kwa sababu eti "si unajua dada, lina jasho la mtu." Jasho lipi? Siku ile nilikuwa nalia tangu asubuhi. Angenusa kifuani basi, ndiko yalikoishia machozi!

Kwapa jamani. Kwapa.

Pindo Mbili: Pole mpenzi. Sasa tuambie ukweli, linanukaje?

Bwana Tai: Nami nimekuja kwa swali hilohilo.

Mwenye gauni: HALINUKI!!!

Pindo Mbili: Umejibu haraka mno.

Sindano Butu: Mimi ni fundi, nitamtetea mnunuzi kidogo. Kwapani ndipo pa kuanzia. Jasho likichanganyika na dawa ya kwapa huacha manjano isiyotoka, na kitambaa hudhoofika. Ila unageuza bitana nje, unatazama kwenye mwanga. Pua haina kazi pale. Na ulizeni soda. Soda ikimwagika siku ya harusi ikakauka, huoni kitu. Sukari inabaki humo, miaka ikipita doa linatoka la kahawia.

Mwenye gauni: Hakuna soda, hakuna jasho. Tuzungumzie yule aliyenusa.

Nimechoka Mimi: Subiri kwanza, fundi naye ana mdomo? Nyinyi ndio wa "njoo Ijumaa"? Langu nililichukua asubuhi ya harusi likiwa na pini ndani. Nimekula kiapo huku pini inanichoma mbavuni, watu wanasema bibi harusi ana hisia kali.

Sindano Butu: Na nyinyi wa "kata hivyohivyo, nitapungua"? Hampungui! Naacha akiba kwenye mishono kwa siri, ninyi mnasema fundi kakuza gauni. Siku ya kujaribu ikifika, tunafungua mishono wote tukiwa kimya.

Nimechoka Mimi: Pini, fundi. Jibu pini.

Jicho la Kale: Malkia Victoria wa Uingereza alifunga ndoa mwaka 1840 kwa gauni jeupe la satini na lesi. Ile lesi akaivaa tena na tena kwenye shughuli nyingine, na shela alizikwa nalo mwaka 1901. Huyo alilipenda. Wewe mwenye gauni unasema unalipenda huku unalipigia bei.

Mwenye gauni: Kwa hiyo nizikwe nalo? Kabati lina milango miwili, mmoja wa gauni, mmoja wa familia nzima.

Pindo Mbili: Angenuswa Victoria angetuma jeshi.

Bwana Tai: Nyie mna raha. Mimi niliuza suti ya harusi, jamaa akaijaribu, akazunguka mbele ya kioo, akasema suruali imemkaa, koti hapana. Akalipia suruali peke yake! Nami kwa usingizi nikapokea. Sasa nina koti lisilo na mwenzake, likining'inia kama mjane.

Sindano Butu: Kitambaa gani? Suruali ya kufanana inashoneka.

Nimechoka Mimi: Msimpe huyu. Ataweka pini.

Mwenye gauni: Jamani nilikuwa naeleza habari ya kwapa

Pindo Mbili: Bwana Tai, koti ni saizi gani? Mdogo wangu anatafuta.

Bwana Tai: Mabega mapana, mikono mirefu. Rangi ya mkaa.

Pindo Mbili: Na makwapa yake yakoje?