Naomba ushauri: jina la mtoto wa kike, mimi na mume wangu hatujaafikiana

Habari zenu ndugu zangu. Nina ujauzito wa miezi minane na altrasaundi imeonyesha ni binti, tunamshukuru Mungu. Shida ni jina. Mimi ni Mhaya wa Bukoba na moyo wangu uko kwa Kemilembe. Mume wangu ni Mnyakyusa wa Tukuyu, anataka Tusajigwe, na mama mkwe ameshaanza kumwita hivyo tumboni. Sina ubaya na jina lenyewe, ni zuri, ila huku kwetu Dar najua litakatwa liwe "Tusa" kabla mtoto hajaanza kutembea. Naye anasema Kemilembe litamchanganya kila karani.

Tulifikiria tumpe yote mawili. Lakini ukiongeza jina la baba na la ukoo, mtoto anakuwa na majina manne, na shuleni fomu nyingi zinataka matatu. Nimeona watu wakihangaika na viapo kwa sababu cheti cha kuzaliwa kinasema hivi, cha kidato cha nne kinasema vile. Sitaki binti yangu apitie hayo.

Dada yangu anapendekeza jina la Kiswahili lisilo na upande: Neema, Upendo, Tumaini. Mume kakubali Neema nusu nusu. Mimi naona mitaani wako wengi mno.

Wenye ndoa za makabila mawili, mlifanyaje? Na kama mna jina fupi la kike linaloweza kuturidhisha sote, naomba mnitajie.