Sir John Lubbock: mtu ni baroneti halafu anagombea ubunge, inakuwaje?

msomaji_wa_usiku
Wakuu kwema? Nilikuwa nasoma mambo ya enzi za Malkia Victoria nikakutana na huyu Sir John Lubbock, mbunge wa Maidstone kuanzia 1870. Kinachonichanganya, ubaroneti alirithi kwa babake 1865, na mi nilijua wenye vyeo vya kurithi wote wanakaa Baraza la Malodi, sasa huyu kura za nini? Halafu huku anatajwa mwenye benki, kule mtaalamu wa sisimizi. Ni mtu mmoja kweli au majina yamegongana?

Bi Shughuli
Mmoja huyohuyo mkuu. Baroneti anarithi hilo "Sir" tu, si lodi, kwa hiyo bunge la chini ruksa. Maidstone walimpiga chini 1880 akahamia kiti cha Chuo Kikuu cha London, maana vyuo navyo vilikuwa na wabunge wao, na wapiga kura wake ni wahitimu. Ulodi alikuja kuupata 1900, akaitwa Baron Avebury, ndo akahamia kwa wenzie wa juu.
Chuo chenyewe hakusoma, babake alimtoa shule ya Eton bado kijana akamwingiza benki ya familia. Sayansi aliipata kwa jirani, na jirani mwenyewe ni Charles Darwin, yule wa nadharia ya mageuzi, alihamia kijiji cha Downe 1842 Lubbock akiwa na miaka 8.

Kobe Mzee
Mmesahau kubwa lao. Sheria ya 1871 ya sikukuu za benki ni muswada wake. Kabla ya hapo Benki Kuu ya Uingereza ilishapunguza mapumziko mpaka siku nne kwa mwaka tangu 1834, yeye akapenyeza Jumatatu ya Pasaka, Jumatatu ya Pentekoste, Jumatatu ya kwanza ya Agosti na Desemba 26. Ujanja uko kwenye benki: benki ikifunga, hundi na madeni ya siku hiyo yanasubiri kesho yake, sasa mfanyabiashara afungue amlipe nani? Naye anafunga. Watu walifurahi mpaka ile ya Agosti wakaibatiza Sikukuu ya Mtakatifu Lubbock 😂 Na sisi huku Desemba 26 na Jumatatu ya Pasaka tunalala, mnajua zilikotoka.

mchokozi
Tusimpambe sana. Wabunge hawakuwa na mshahara mpaka 1911, kwa hiyo ubunge ulikuwa wa wenye nazo kama yeye. Na sheria yake ya maduka ya 1886 ilisema kijana chini ya miaka 18 asizidishe masaa 74 kwa wiki. SABINI NA NNE jamani, huo ndo ukombozi??

Bi Shughuli
@mchokozi kabla yake hakukuwa na kikomo, wenye maduka walikuwa wanawakamua watakavyo, na hata hizo 74 zilipigiwa kelele. Mimi namheshimu zaidi kwa Avebury, yale mawe ya kale watu walitaka kujenga nyumba pale akanunua eneo kwa hela yake, halafu akasukuma sheria ya kulinda magofu miaka na miaka wenye ardhi wakiipinga mpaka ikapita 1882.

msomaji_wa_usiku
Shukrani wakuu. Na wale sisimizi?

Kobe Mzee
Aliwafuga kwenye vioo nyumbani, akawapaka rangi awatambue. Kuna siku akawalewesha baadhi, sisimizi wazima wakawabeba walevi wa kundi lao kuwarudisha kwao, walevi wageni wakawatupa majini. Malkia mmoja wa sisimizi aliishi karibu miaka 15. Alikuwa na mbwa pia, Van, alimfundisha kuleta kadi iliyoandikwa anachotaka, chakula au kutoka nje.

mchokozi
Haya kwa mbwa nimenyoosha mikono