Tupeane uzoefu: Kilomita 10 wakati marathoni bado iko miguuni

Vumbi la Asubuhi:
Wakuu, mtu kamaliza marathoni, kilomita 42.195, Jumapili, wiki mbili mbele kuna kilomita 10 na ameshalipia. Aende au aache? Mwageni mnachokijua.

Kocha Mstaafu:
Maumivu ya misuli hufika kileleni siku ya pili au ya tatu. Yakiisha siku ya sita watu hudhani wamepona, kumbe nyuzi za misuli bado zinajijenga, na kano huchelewa zaidi. Pima hivi: asubuhi, peku, simama kwa mguu mmoja uruke mara 10 bila kushika ukuta. Badili mguu. Kisha shuka ngazi ukitazama mbele. Ukijikuta unashuka kiubavu, namba yako ya mbio mpe mwenzako.

Tafu Mbili:
Naunga mkono, hasa hiyo ya ngazi.

Kisigino:
Namba haigawiwi, mkuu. Huyo mwenzako akizimia njiani watampigia simu mke wako.

Kasi Kwanza:
Mnawatisha watu bure. Zátopek, mkimbiaji wa Chekoslovakia, Olimpiki ya Helsinki 1952, alibeba dhahabu ya mita 5,000, ya 10,000 na ya marathoni, zote michezo ile ile.

Kisigino:
Soma vizuri, marathoni aliikimbia mwisho. Hata Sifan Hassan, dada wa Uholanzi, Olimpiki ya Paris 2024: shaba ya 5,000, shaba ya 10,000, ndipo dhahabu ya marathoni. Fupi kwanza, ndefu baadaye. Wewe umegeuza.

Kasi Kwanza:
Mwili si ule ule?

Kisigino:
Si ule ule. Kwenye marathoni, kila mguu unapotua paja la mbele linakaza huku linavutwa, na hapo ndipo nyuzi zinapochanika. Ukiingia kwenye kilomita 10 na paja hilo, halishiki tena. Mzigo unaangukia tafu na kano ya kisigino. Pumzi ipo, inakushawishi uende, miguu haina.

Mama Kilomita:
Acheni historia, toeni kasi. Aliyemaliza marathoni kwa saa 3 na dakika 30 alitumia dakika 4:59 kwa kila kilomita. Kilomita 10 zake akiwa mzima zingekuwa kwenye 4:35 hivi, hiyo asiiguse. Kilomita 3 za mwanzo 5:15, zinazobaki 5:00. Mteremkoni fupisha hatua, usiuachie mwili. Kabla ya kuanza kimbia polepole dakika 15, kisha chomoka mara 3, sekunde 15 kila moja. Kunyoosha misuli ikiwa bado ya baridi hakuna.

Zamu ya Usiku:
Kuna jamaa aliletwa kwenye hema la huduma ya kwanza. Marathoni siku 6 nyuma, kilomita 10 juani, na ibuprofen, dawa ya maumivu, kabla ya kuanza ili paja linyamaze. Na alimaliza! Kapiga picha na medali. Baadaye paja limevimba, ukilibonyeza kwa kidole gumba anaruka, mkojo kidogo na mweusi kama kahawa. Msidhani ni kiu tu. Misuli iliyochanika inamwaga mayoglobini, protini ya ndani ya misuli, kwenye damu, na figo ndizo zinazobeba adha hiyo. Ibuprofen inapunguza damu inayofika kwenye figo, upungufu wa maji unazidisha. Akalazwa na dripu. Ukiona mkojo wa namna hiyo, usinywe maji ukalala kusubiri kesho. Nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Tafu Mbili:
Mungu wangu. Figo zilipona?

Zamu ya Usiku:
Zilipona, hakufikia kusafishwa damu.

Kasi Kwanza:
Na parasetamoli je?

Zamu ya Usiku:
Hiyo haibani figo namna ile, ila nayo inaficha maumivu. Ukishayaficha utajuaje pa kupunguza mwendo?

Vumbi la Asubuhi:
Sijajibiwa. Wiki mbili, aende au aache?

Kocha Mstaafu:
Akiruka miguu yote bila maumivu, na mapigo ya moyo asubuhi kabla hajatoka kitandani yamerudi kwenye kawaida yake, aende kwa kasi ya Mama Kilomita. Akimaliza, siku 3 asikimbie.

Mama Kilomita:
Siku 3? Wiki nzima!

Kocha Mstaafu:
Siku 3 kisha polepole, dada. Wiki nzima ni ya aliyekimbia 4:35.

Kasi Kwanza:
Mimi nasema akimbie 5, ageuze, akanywe soda.

Kisigino:
Ukigeuza katikati si ndiyo kilomita 10 zile zile?