Waya wa nitinoli hautaki kusimama katikati ya safari

mtundu_wa_nyaya:

Wakuu, salaam. Naomba mawazo kwa wanaozifahamu aloi zenye kumbukumbu ya umbo. Natengeneza kitelezi cha kusogeza kilenzi kwa mstari ulionyooka, jumla gramu 6. Kisanduku ni milimita 40 kwa 25, kimo 8, kwa hiyo mota na skrubu yake haviingii. Nahitaji safari ya milimita 1, na nikikiambia kisimame mahali kisicheze zaidi ya mikroni 5.

Kwa sasa nina waya wa nitinoli (aloi ya nikeli na titani, hujikunja, yaani hufupika, ikipashwa joto kwa umeme) wa unene wa mikroni 100, urefu milimita 36, na upande wa pili springi ya kurudisha. Kitelezi kinapita juu ya reli mbili. Nikiwasha moja kwa moja kinavutwa vizuri, hadi milimita 1.3. Tabu ni katikati. Mkondo uleule wa miliampea 150 unanipa mahali pamoja nikiwa napandisha, na mahali pengine kabisa nikiwa nashusha. Nikifungua kifuniko, hewa ikipita tu kinahama. Nimefikiria kubandika kipimajoto kidogo kwenye waya. Nitafika kwa njia hiyo?

mzee_wa_springi:

Kipimajoto achana nacho. Waya mwembamba hivyo ukiubandikia chochote, hicho kitu kinabeba joto kuliko waya wenyewe, na utakuwa unapima gundi. Halafu hata ungelijua joto kamili, bado usingejua kitelezi kiko wapi. Nitinoli hugeuka kuwa austenaiti (hali yake ya moto, waya ukiwa mfupi) kwenye joto fulani na hurudi kuwa martensaiti (hali ya baridi, waya ukivutika) kwenye joto la chini zaidi, na kwa nyaya za kawaida pengo hilo ni nyuzi 20 hadi 30. Ndani ya pengo, joto moja lina mahali pengi, kutegemea ulikotoka. Hicho ndicho unachokiona kwenye miliampea zako 150.

Ila mimi ningeanza na chuma kabla ya umeme. Reli zako ndizo zitakazokunyima mikroni 5. Kitu cha gramu 6 kwenye reli hushika, kinangoja nguvu ijae, kisha kinaruka. Programu yoyote utakayoandika itapigana na huko kuruka. Toa reli. Weka vipande viwili vyembamba vya chuma cha springi, urefu milimita 20, vimesimama sambamba, mguu mmoja kwenye kisanduku na mwingine kwenye kitelezi. Vinapinda pamoja, kitelezi kinakwenda bila kusugua kitu, na vipande vyenyewe ndivyo springi ya kurudisha. Umepunguza vitu viwili kwa mpigo.

Kitelezi kitashuka pembeni kidogo, kwa sababu vipande vinachora tao. Kwa safari ya milimita 1.08 kuelekea upande mmoja ni mikroni 35 hivi. Ukiigawa safari nusu huku nusu kule, inabaki kama mikroni 9. Na ni kosa linalojirudia lilelile kila mara, kwa hiyo fundi wa lenzi anaweza kulipangia.

Pili, punguza tamaa ya safari. Milimita 1.3 kwenye waya wa 36 ni asilimia 3.6. Waya unaweza hata asilimia 8 ukiwa mpya, lakini kwa kazi ya kurudiarudia kaa asilimia 3 au chini, yaani milimita 1.08. Unapata unachohitaji na waya unaishi.

Tatu, kwa nini mikroni 100? Huo unavuta gramu 140 hivi, na wewe una gramu 6. Nenda mikroni 50. Unavuta gramu 36, na unahitaji kama gramu 14 za kuurudisha. Kipenyo kikipungua nusu, ujazo wa kila milimita unakuwa robo ilhali ngozi ya kutolea joto inapungua nusu tu, kwa hiyo unapoa upesi: chini ya nusu sekunde, wakati ule mnene unachukua kama sekunde nzima.

kanuni_ya_omu:

Naunga mkono kwenda mikroni 50, tena kwa sababu ambayo mzee hajaitaja: ukinzani. Nitinoli ikijikunja, ukinzani wake unashuka, na uhusiano wa ukinzani na urefu una histeresisi (tofauti kati ya kwenda na kurudi) ndogo sana kuliko ule wa joto na urefu. Kwa hiyo waya wenyewe ndio sensa yako. Pima volti na mkondo kwa wakati mmoja, gawanya, dhibiti hilo jibu badala ya mkondo. Upepo ukipita, ukinzani unaanza kupanda, maikrokontrola inaongeza umeme kabla kitelezi hakijaenda mbali.

Milimita 36 za waya wa mikroni 100 ni omu 4.5 tu, na viungio vyako vinaweza kula sehemu nzuri ya hiyo. Za mikroni 50 ni omu 18, unapumua. Volti ipime kwa nyaya mbili za pembeni zisizobeba mkondo wa kazi. Umeme upeleke kwa mapigo ya haraka, maelfu kwa sekunde, upana ndio ubadilike. Ila usiruhusu pigo liwe fupi kiasi kwamba kipimo hakiwahi kusoma.

Faida nyingine: unajua waya umefika mwisho. Ukinzani unagota chini, na ukiendelea kuuchoma unaanza kupanda tena kidogo. Hapo kata umeme, usiuunguze.

mzee_wa_springi:

Nakubali kwa ulinzi na kwa kazi za kawaida. Kwa mikroni 5 nina wasiwasi, tupige hesabu. Tuseme ukinzani unabadilika asilimia 10 safari nzima: omu 1.8 kwa mikroni 1080. Mikroni 5 ni omu 0.008. Hiyo ni sehemu moja kati ya 2,000 na zaidi ya kipimo chako, na waya wenyewe unahama taratibu kadiri unavyofanya kazi. Leo omu 17 ni hapa, baada ya mizunguko mingi ni pale. Mimi ningeweka sensa ya mwanga, kitaa kidogo na kipokezi kinachozibwa na ukingo wa kitelezi, na ukinzani ubaki mlinzi.

kanuni_ya_omu:

Mbona kuna simu ambazo lenzi ya kamera inasogezwa na nyaya za mikroni 25, na zinakaa kwenye mikroni?

mzee_wa_springi:

Ndiyo, na ziangalie zilivyopangwa: nyaya zinavutana, mmoja huku mwingine kule. Joto la chumba likipanda linazigusa zote, ukichukua tofauti ya ukinzani wao sehemu kubwa inajifuta. Pia hungoji springi ikurudishe, waya wa pili unavuta. Mtundu ana waya mmoja na springi. Kama nafasi ipo, aweke wa pili upande wa kule, nami nitanyamaza.

Asipoweza, basi afike mahali akitokea upande mmoja siku zote: aupoze waya upite kidogo, kisha apande polepole hadi pale. Ni kama kuondoa mchezo, yaani ulegevu, kwenye skrubu. Na vipande vya chuma visiwe laini mno. Springi ngumu kiasi inaongeza mkazo kadiri waya unavyojikunja, na kila megapaskali 7 hivi zinapandisha joto la kugeuka kwa nyuzi 1. Mgeuko unatandazwa kwenye nyuzi nyingi zaidi, na katikati panakuwa na mteremko wa kushikika badala ya ukingo wa kudondokea.

mtundu_wa_nyaya:

Asanteni sana wakuu. Nafasi ya waya wa pili ipo, nitaupitisha chini ya kitelezi. Swali dogo: ncha nazifungaje? Risasi ya kuchomelea haishiki kabisa.

mzee_wa_springi:

Haitashika, titani inajifunika oksidi, na ukilazimisha kwa joto kali unaharibu kumbukumbu ya ile ncha. Minya ndani ya kimrija cha shaba, kisha risasi ichomelee kwenye kimrija, mbali na mdomo waya unapotokea. Mdomo wa kimrija usiwe na makali, waya hukatikia hapo kuliko popote.

Na kabla hujapima urefu wa mwisho, tundika uzito wa gramu 14 kwenye waya, uwashe na kuuzima hadi uache kurefuka. Waya mpya hurefuka kidogo mwanzoni. Ukiufunga kabla haujatulia, sifuri yako itakuwa inahama na utailaumu programu.